Mgeni njoo, lakini mwenyeji apone

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Methali hiyo hutajwa karibu katika kila hotuba ya utalii, lakini ni mara chache mtu husimama na kuuliza ni mwenyeji yupi anayepona. Ni mwenye ndege, mwenye hoteli, mwenye nyumba ya kupangisha, au ni yule mkulima ambaye ndizi na maziwa yake ndiyo kifungua kinywa cha mgeni?

Jibu la swali hilo halipatikani siku mgeni anaposhuka na mabegi yake. Hupatikana miezi kadhaa kabla, nyumbani kwake, jioni anapokaa mezani na familia, kalenda upande mmoja na kikokotoo upande wa pili, kupanga likizo. Sehemu kubwa ya fedha za safari hugawanywa saa hiyo. Anayetajwa katika mpango ule amekwishauza. Asiyetajwa hubaki akigombea chenji zitakazosalia mfukoni.

Mfano mzuri wa kujifunzia jambo hili ni Byron Bay, mji mdogo ulioko kaskazini mwa jimbo la New South Wales nchini Australia, ukingoni mwa Bahari ya Pasifiki. Rasi yake, yenye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1901, ndiyo ncha ya mashariki kabisa ya bara la Australia. Mji uko zaidi ya kilomita 750 kaskazini mwa Sydney na kama kilomita 165 kusini mwa Brisbane. Upo kusini mwa Tropiki ya Kaprikoni, kwa hiyo ndizi, miwa na parachichi hustawi, lakini asubuhi za Julai mtu huvaa sweta.

Vitu viwili huwavuta wageni huko. Cha kwanza ni mawimbi. Vijana kwa wazee huingia baharini na ubao mrefu, hungoja wimbi linyanyuke, kisha husimama juu ya ubao na kuteleza nalo kuelekea ufukweni. Cha pili ni msitu wa mvua. Mwendo wa kama saa moja kwa gari kuelekea bara ipo Hifadhi ya Taifa ya Nightcap, ambako maji ya maporomoko ya Minyon huanguka kutoka kimo cha kama mita 100 katikati ya miti ya kale. Sensa ya mwaka 2021 ilikuta halmashauri ya Byron ina wakazi wapatao 36,000. Wageni, kabla ya janga la Uviko-19, walizidi milioni 2 kwa mwaka.

Kalenda ndiyo bei

Ichukuliwe familia ya watu wanne inayoishi Sydney. Inataka wiki moja ya mawimbi na siku moja au mbili za msituni. Swali lake la kwanza ni lini.

Januari ni likizo ndefu ya shule. Bahari ni ya joto, watoto wako huru, na kila mtu anataka kuwa pale. Bei ya malazi hupanda kuliko wakati wowote. Februari na Machi vimbunga vinavyozunguka mbali baharini hutuma mawimbi makubwa, lakini hiyo ndiyo miezi ya mvua nyingi, na njia za msituni huwa utelezi mtupu. Kuanzia Juni mawimbi hutoka kusini, hewa inapoa, bei zinashuka, na nyangumi wenye nundu huanza kupita karibu na rasi wakielekea kaskazini kuzaa. Agosti na Septemba ndiyo miezi mikavu, na ndipo maporomoko na vijia vya msituni hutembeleka bila shida. Nyangumi hurejea kusini na watoto wao hadi Novemba.

Mkulima yeyote anayemwagilia nyanya ili ziive wiki ya Krismasi anaielewa hesabu hii. Bidhaa ni ileile, bahari ni ileile, ila tarehe ndiyo inayobadilisha bei. Tofauti ni kwamba mwenye nyumba ya wageni anaijua kalenda hiyo kwa moyo na hupanga bei zake mwaka mzima mbele, wakati mkulima jirani yake mara nyingi hupanda kwa mazoea na kuvuna bila kuuliza mji utakuwa na watu wangapi siku hiyo. Karanga za makadamia huko huanguka kutoka mtini na kuokotwa kuanzia Machi hadi Septemba. Maana yake ni kwamba mavuno huangukia msimu ambao mgeni mtulivu, asiye na haraka na mwenye nafasi ya kuzunguka mashambani, ndiye aliyepo.

Kitanda hula kwanza

Swali la pili la familia ni kulala wapi, na hapo ndipo mkoba unapofunguka. Kwa mfano tu, familia ikitenga dola 5,000 za Australia na usafiri pamoja na nyumba vikamaliza dola 3,500, wote waliobaki wanagawana dola 1,500: mwalimu wa kuteleza mawimbini, mwenye mgahawa, muuza mafuta ya gari, duka la nguo na mkulima. Mkulima akiwa wa mwisho katika foleni hiyo, atapata bei ya jumla ya kichane cha ndizi kilichopita mikono mitatu.

Si ajabu basi kwamba wenye nyumba walifanya hesabu zao. Siku chache za mgeni wa Januari huweza kuleta fedha ambayo mpangaji wa kudumu huilipa kwa muda mrefu zaidi. Nyumba moja baada ya nyingine ikatolewa kwa wageni wa siku mbili tatu, wakipatikana kwa njia ya intaneti. Nesi, mwalimu, mpishi na kibarua wa kuvuna wakajikuta hawapati pa kukaa katika mji wanaouhudumia, wakawa wanasafiri kutoka miji ya mbali kila siku. Mkulima naye akashindwa kupata wafanyakazi kwa sababu hakuna chumba ambacho mshahara wa shambani unaweza kukilipia.

Wakazi walilalamika kwa miaka mingi. Mwaka 2023 tume huru ya mipango ya jimbo ilisikiliza pande zote, na serikali ikakubali kwamba katika sehemu kubwa ya halmashauri ya Byron nyumba ambayo mwenyewe haishi ndani isipangishwe kwa wageni wa muda mfupi zaidi ya siku 60 kwa mwaka. Kabla ya hapo kikomo kilikuwa siku 180. Sheria ilianza kutumika tarehe 23 Septemba 2024, na maeneo machache yaliyo karibu na fukwe yakaruhusiwa kuendelea mwaka mzima.

Wapo wanaosema sheria hiyo inaminya biashara. Hoja yao ina uzito, kwa sababu mwenye nyumba moja ya urithi si tajiri, na siku 60 hazimlipii matengenezo yote. Lakini biashara inayomfukuza mpishi na mvunaji hujikata miguu yenyewe. Kosa la Byron Bay halikuwa kuweka kikomo. Kosa lilikuwa kusubiri hadi nyumba zimekwisha ndipo kikomo kijadiliwe.

Ardhi iliyouzwa mara nyingi

Ili kuelewa kwa nini mkulima wa huko amejifunza kuwa mwangalifu, ni lazima kurudi nyuma. Wa kwanza kuwa wenyeji ni watu wa Arakwal wa taifa la Bundjalung, ambao waliila makadamia kabla mzungu hajajua kwamba ni chakula. Karne ya 19 wakaja wakataji wa mierezi myekundu. Nyuma yao wakaja walowezi waliofyeka msitu wa nyanda ulioitwa Big Scrub, wenye ukubwa wa hekta kama 75,000, uliokuwa umeota juu ya udongo mwekundu wa volkano. Karne ya 20 ilipoanza, karibu wote ulikuwa umetoweka. Kilichobaki hakifiki asilimia 1.

Mahali pa msitu pakapandwa nyasi, na nyasi zikaleta ng'ombe wa maziwa. Mwaka 1895 wakulima walianzisha ushirika wao pale pale Byron Bay, ambao hadi leo unafahamika kwa jina la Norco na bado ni mali ya wafugaji. Siagi ya eneo hilo ililiwa hadi Uingereza. Kulikuwa pia na machinjio ya ng'ombe na nguruwe, na kati ya 1954 na 1962 kituo cha kuvua nyangumi kiliua zaidi ya nyangumi 1,000 kabla hawajawa adimu kiasi cha kutolipa tena.

Kisha soko likageuka. Uingereza ilijiunga na Jumuiya ya Ulaya mwaka 1973 na mlango wa siagi ya Australia ukafungwa kwa kiasi kikubwa. Wafugaji wadogo wengi waliuza ng'ombe na kuacha malisho. Machinjio yakafungwa mwaka 1983. Mbao, siagi, nyama na nyangumi: kila zao lilitajirisha watu kwa muda, likaisha au likakosa mnunuzi, na mji ukabaki kutafuta kitu kingine cha kuuza.

Kitu hicho kikawa mgeni. Nyangumi aliyechinjwa aliuzwa mara moja tu, wakati anayepita akitazamwa kutoka kwenye rasi huwaletea wenyeji fedha kila mwaka. Hesabu hiyo ndiyo iliyogeuza pia hatima ya msitu.

Msitu uliosalia wima

Agosti 1979 mashine za wakata mbao zilifika katika bonde la Terania Creek, nyuma ya pwani, kukata sehemu ya msitu wa mvua uliokuwa umesalia milimani. Wakazi walizizuia. Wengi wao walikuwa vijana waliohamia kwenye mashamba yaliyoachwa na wafugaji, baada ya tamasha lililofanyika mwaka 1973 katika mji jirani wa Nimbin. Walisimama mbele ya mashine, wengine wakapanda juu ya miti na kukataa kushuka.

Wafanyakazi wa viwanda vya mbao waliwaona kama wavivu wanaowapokonya mkate, na walikuwa na haki ya kulalamika kwa sababu ajira zao ndizo zilizokuwa hatarini. Mvutano uliendelea hadi mwaka 1982, wakati serikali ya jimbo chini ya Neville Wran ilipoamua kuilinda misitu hiyo. Hifadhi ya Nightcap ilitangazwa 1983, na mwaka 1986 misitu ya mvua ya jimbo hilo, Nightcap ikiwamo, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Leo familia ile ya Sydney inapopanga siku yake ya msituni, inapanga kwa sababu ya uamuzi huo. Njiani kwenda Minyon itapita Bangalow na vijiji vingine vya wakulima, itanunua mkate, itakunywa kahawa, pengine itasimama kwenye kibanda cha barabarani kununua parachichi. Pwani peke yake ingeiweka familia ufukweni wiki nzima. Msitu ndio unaoitoa pwani na kuileta hadi mlangoni kwa mkulima. Hilo ndilo jambo ambalo wachumi wengi wa utalii hulisahau wanapohesabu thamani ya msitu kwa tiketi za getini peke yake.

Hata hivyo si kila mahali pamefunguliwa kwa mgeni. Mlima Wollumbin, ambao watu walizoea kuupanda gizani ili kuona jua likichomoza, ulifungwa mwaka 2020, na mpango uliotolewa mwaka 2022 ulipendekeza usipandwe kwa kuheshimu mila za wenyeji wa asili. Kwa upande wa pwani, makubaliano ya mwaka 2001 na watu wa Arakwal yalizaa hifadhi ya taifa yenye jina lao, wanayoisimamia kwa ubia na serikali na kupata ajira ndani yake. Mwenyeji anayekaa mezani wakati mipango inapangwa huweza kusema hapa karibuni na pale hapana. Asiyekuwepo mezani hupangiwa.

Miti miwili iliyopishana

Swali la tatu la familia ni kula nini, na hapa hadithi ya Byron Bay inagusa mashamba ya Afrika Mashariki moja kwa moja.

Makadamia ni mti wa asili wa misitu ile ile ya mvua, kaskazini mwa New South Wales na kusini mwa Queensland. Lakini waliougeuza kuwa zao kubwa la biashara kwanza walikuwa watu wa Hawaii, waliopelekewa mbegu katika miaka ya 1880. Waaustralia walikuja kuupanda kwa wingi baadaye sana, kuanzia miaka ya 1960, sehemu kubwa kwa kutumia aina zilizochaguliwa Hawaii. Walikuwa nao msituni na wakaufyeka, kisha wakanunua ujuzi wake kutoka ng'ambo. Katika miaka ya 1940 mti huo ulifika pia Kenya, kwenye eneo la Thika, na kutoka huko ukasambaa hadi kwenye mashamba madogo ya milimani.

Kahawa ilisafiri upande wa pili. Wakulima wa vilima vya nyuma ya Byron Bay walipoanza kupanda arabika, aina waliyoitumia zaidi ni K7, ambayo ilichaguliwa nchini Kenya na inafahamika vizuri pia kwa wakulima wa Tanzania. Kwa hiyo mteleza mawimbi anayetoka majini asubuhi na kuagiza kikombe cha kahawa ya pale pale huenda anakunywa kahawa yenye asili ya Kenya, akiitafunia karanga ambayo binamu yake inaota Murang'a au Embu.

Tofauti iko kwenye namna ya kuuza. Mkulima wa kahawa wa Byron Bay ana shamba dogo na gharama kubwa za vibarua, na asingeweza kushindana kwa bei ya gunia katika soko la dunia. Kwa hiyo wengi wao hukoboa, hukaanga na kufunga wenyewe, na jina la shamba huandikwa juu ya pakiti. Mgeni hununua pakiti mbili, moja ya kunywa nyumba aliyopanga na moja ya kurudi nayo nyumbani.

Mahali panapofanya hilo liwezekane ni soko la wakulima. Byron Bay huwa na soko lake kila Alhamisi asubuhi, na lilianza mwaka 2002. Miji jirani ina siku zake: New Brighton Jumanne, Mullumbimby Ijumaa, Bangalow Jumamosi. Kanuni yake ni nyepesi: anayeuza awe ndiye aliyelima au aliyetengeneza, na awe wa eneo hilo. Mlanguzi hana meza. Siku hazibadiliki, kwa hiyo aliyeko Sydney anaweza kuandika kwenye kalenda yake, miezi mitatu kabla, kwamba Alhamisi asubuhi familia itakwenda sokoni. Mkulima amekwisha kuingia katika mpango bila kulipia tangazo.

Wengine wamekwenda mbali zaidi. Nje kidogo ya mji lipo shamba la ekari 80, The Farm, lililofunguliwa kwa wageni mwaka 2015, ambapo biashara ndogo kadhaa hulima, hufuga, huoka mikate na kupika mahali pamoja. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika mashamba ya namna hii mgeni hulishika jembe siku ya kwanza, na anaona raha.

Mwaka mbaya haupigi hodi

Pamoja na hayo, anayeegemeza maisha yake yote kwa mgeni anakalia kigoda cha mguu mmoja. Mwaka 2015 mashambulizi ya papa kwenye fukwe za Ballina na Byron yaliwatia watu hofu ya kuingia majini, na waliokuwa wakifundisha mchezo wa mawimbi walikuwa wa kwanza kuumia. Novemba 2019, baada ya ukame mkali, moto uliingia katika sehemu za Nightcap, msitu ambao kwa kawaida huwa umelowa. Mwaka 2020 mipaka ilifungwa kwa sababu ya Uviko-19. Tarehe 28 Februari 2022 mto ulioko Lismore, mji wa bara unaolihudumia eneo hilo, ulipanda hadi mita 14.4 na kumeza katikati ya mji, kikiwamo kiwanda cha aiskrimu cha ushirika wa Norco. Maelfu ya watu walihitaji nyumba za kupanga wakati ambapo nyumba zilikuwa tayari adimu. Machi 2025 kimbunga Alfred kililamba mchanga wa fukwe.

Aidha, soko la jumla nalo halina huruma. Mwaka 2023 bei ya makadamia ghafi iliporomoka duniani, na maumivu yalifika Australia na Kenya kwa pamoja. Kenya, ambayo tangu 2009 ilikuwa imepiga marufuku kuuza nje karanga zisizobanguliwa, ililazimika mwaka huo kulegeza marufuku kwa muda ili wakulima wasibaki na magunia nyumbani. Wakulima wa nchi zote mbili walijifunza kwamba mnunuzi mmoja mkubwa, akipiga chafya, kijiji kizima huugua.

Kwa hiyo wanaosema kwamba mkulima wa tani kumi hawezi kuishi kwa kuwauzia watu waliovaa kaptula wanasema kweli. Sehemu kubwa ya makadamia ya Australia huenda viwandani, si kwenye meza za Alhamisi. Mgeni hachukui nafasi ya kiwanda. Anachofanya ni kununua sehemu ndogo kwa bei nzuri, kulipa taslimu, na kumweleza mkulima uso kwa uso anachopenda na asichopenda. Katika mwaka ambao kiwanda kinalipa hasara, sehemu hiyo ndogo ndiyo huweza kulipa ada ya shule.

La kufanya

Somo la kwanza kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo aliye karibu na ufukwe au msitu ni kwamba uhakika huuza kuliko uzuri. Soko linalofanyika siku ileile na saa ileile, mvua au jua, huingia katika mipango ya watu walio mbali. Meza nzuri inayofunguliwa leo na kufungwa kesho haiwezi kupangwa na mtu yeyote. Wakulima kumi wakikubaliana siku moja ya wiki na kanuni moja ya nani auze, gharama yao ni ndogo kuliko ya bango moja la barabarani.

La pili ni jina. Gunia halina jina, pakiti ina jina. Mgeni hawezi kurudi kutafuta kitu asichoweza kukitaja, na mwenye nyumba ya wageni hawezi kumwelekeza kwa mkulima asiyemjua. Pakiti chache za sampuli jikoni kwa kila mwenye vyumba vya kulala wageni ni mtaji mdogo unaozaa.

La tatu ni ardhi. Anayeiuza ardhi yake kwa mjenzi wa nyumba za likizo hupokea fedha mara moja, na kuanzia siku hiyo yeye ndiye mgeni. Kuikodisha kwa mkataba ulioandikwa, au kuingia ubia kama watu wa Arakwal, ni njia ya polepole lakini mlango hubaki wake. Halmashauri nazo ziweke kanuni za nyumba za wageni mapema, wakati bado kuna nyumba za kuzungumzia. Byron Bay ilipofikia siku 60, wengi waliostahili kunufaika na kanuni hiyo walikuwa wamekwisha kuhama.

La nne ni msitu na maji yake. Msitu wa Shimba uko nyuma ya fukwe za Diani, na misitu ya Amani iko nyuma ya pwani ya Tanga, kama Nightcap ilivyo nyuma ya Byron Bay. Anayefyeka msitu wa namna hiyo kwa mkaa wa msimu mmoja hufyeka pamoja nao sababu ya mgeni kuiacha pwani na kupita kijijini. Byron Bay ilijifunza hilo ikiwa na asilimia 1 mkononi.

Familia ya Sydney itarudi kwao Jumapili jioni, mchanga viatuni na mbao zimefungwa juu ya gari. Bahari haitakwenda nayo, wala msitu. Itakachokuwa nacho jikoni mwezi mzima ni pakiti ya kahawa na mfuko wa karanga, vyote vikiwa na jina la shamba na siku ya soko. Mwaka unaofuata, kalenda itakapotandazwa tena mezani, jina hilo litakuwa pale kabla ya jina la hoteli yoyote. Mwenyeji huyo hatakuwa na haja ya kungoja chenji.